Spika za darini na sabufa kwa bajeti ndogo: kuchagua, kutoboa dari na kurekebisha sauti

Spika ya darini haina sanduku. Ukiigeuza unakuta sumaku, mgongo wa koni na sehemu ya kufungia waya, basi. Sanduku lake ni uwazi ulio kati ya jipsamu na paa, na uwazi huo haukutengenezwa kwa ajili ya muziki. Ndiyo maana spika hizi hazitoi besi ya maana hata zikiandikwa wati 200. Ukilijua hilo kabla ya kuingia dukani, utanunua sabufa na spika za darini kama kitu kimoja, wala hutahangaika kutafuta spika ya darini "yenye besi".

Vipimo vya hapa chini vinafuata sebule moja ya mfano: mita 4 kwa 5, dari ya jipsamu iliyo mita 2.8 juu, paa la mabati, runinga kwenye ukuta mfupi, na kochi ambalo kichwa cha aliyeketi kiko mita 3.2 kutoka ukuta wa runinga. Weka vipimo vya kwako mahali pa hivyo.

Kipi kipandishwe darini, kipi kibaki chini

Spika ya kati ndiyo inayobeba karibu mazungumzo yote ya filamu. Ukiipandisha darini, mdomo wa mwigizaji uko mbele yako na sauti yake inashuka kutoka kwenye taa. Kwa taarifa ya habari unaweza kuvumilia. Kwa filamu ya saa mbili utachoka. Spika tatu za mbele, yaani kushoto, kati na kulia, zibaki chini, usawa wa sikio la aliyeketi au karibu na hapo. Spika ndogo za rafu za mtumba, mradi koni zake ni nzima, zitaifanya kazi hiyo vizuri kuliko spika za darini za bei mara mbili.

Dari basi ipewe moja kati ya kazi mbili. Ya kwanza ni sauti za nyuma katika mpangilio wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja. Ya pili ni sauti za juu za Dolby Atmos katika mpangilio wa 5.1.2, ambapo namba ya mwisho ni idadi ya spika za juu. Zote mbili kwa pamoja ni kupoteza fedha. Maana ya Atmos, iliyoingia kwenye risiva za nyumbani (mashine zinazopokea sauti ya filamu na kuendesha spika) mwaka 2014, ni kukutofautishia kilicho ubavuni mwako na kilicho juu ya kichwa. Vyote vikitoka dari ileile, hakuna cha kutofautisha. Kama huwezi kuweka spika za nyuma ukutani au kwenye stendi, kaa na 5.1 na uifanye vizuri.

Risiva ikishalipiwa (risiva ya sauti, si king'amuzi), fedha inayobaki igawe hivi: kama asilimia 40 kwa sabufa, 35 kwa spika tatu za mbele, na 25 kwa jozi ya darini, waya na fundi. Wengi hugawa kinyume chake kwa sababu spika za darini ndizo zinazoonekana kama mapambo, kisha wanashangaa mlipuko wa kwenye filamu unasikika kama mlango uliobamizwa nyumba ya jirani.

Dukani: spika za darini

Mtego wa kwanza ni mkubwa kuliko mingine yote. Spika nyingi za darini zinazouzwa kwa bei ya chini ni za matangazo: za misikiti, makanisa, ofisi na hoteli. Hizo hufanya kazi kwa laini ya volti 100 (au 70), na nyuma yake zina transfoma ndogo yenye nyaya zilizoandikwa 3W, 6W au 10W. Ya wati 6 kwa laini ya volti 100 ina ukinzani wa takriban omu 1,667, wakati risiva yako inatarajia omu 6 au 8. Ukiifunga utasikia sauti nyembamba kama ya redio iliyo chini ya mto. Kuondoa transfoma hakusaidii, kwa kuwa koni iliyobaki ni ya karatasi na imetengenezwa kubeba wati chache tu.

Nenda na mita ya fundi umeme. Iweke kwenye omu, gusa sehemu mbili za waya: spika ya omu 8 itasoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 6 itasoma chini kidogo ya hapo. Ikisoma makumi au mamia, irudishe kwenye rafu.

Ukipata za omu 8, angalia mambo haya:

Ukubwa. Kwa dari ya mita 2.4 hadi 3, inchi 6.5 inatosha, na husambaza sauti kwa upana kuliko inchi 8. Inchi 8 ina nguvu zaidi chini na inafaa dari ndefu. Inchi 5 ziachie korido na jikoni.

Twita, yaani spika ndogo ya sauti kali iliyo katikati. Iwe inageuka, au koni yote iwe imeinamishwa kama nyuzi 15. Spika inayotazama sakafu moja kwa moja hupeleka sauti kali kwenye zulia, na anayeketi pembeni anapata mabaki.

Unyeti, unaoandikwa kwa desibeli kwa wati 1 kwa mita 1. Tafuta 87 au zaidi. Hesabu yake ni rahisi: kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3, na kila umbali ukizidi mara mbili unapoteza 6. Spika ya desibeli 88, ukiwa mita 2 chini yake, inakupa 82 kwa wati moja tu. Kwa wati 16 unapata 94, na hiyo tayari ni kelele. Risiva ya wati 50 za kweli inatosha. Usilipie zaidi kwa ajili ya namba ya wati iliyoandikwa kwenye spika, kwa sababu ile ni kiwango inachovumilia, haielezi sauti inayotoa.

Vifaa vyake. Pembezoni mwa koni kuwe na mpira. Sponji huoza kwa joto na unyevu. Pwani, kuanzia Dar es Salaam na Zanzibar hadi Mombasa, kifuniko cha chuma kitatoa kutu kupitia rangi, kwa hiyo tafuta cha alumini. Koni ya plastiki ya polipropilini hudumu kuliko ya karatasi.

Vishikio. Ni vile vidole vya plastiki vinavyobana jipsamu kutoka juu. Soma unene vinaoukubali, kisha pima jipsamu yako: mara nyingi ni milimita 9 au 12. Dari ya vipande vya PVC ni nyembamba mno, nayo itahitaji pete ya plaiwudi. Pima pia kina cha spika. Nyingi zinataka sentimita 9 hadi 11 za nafasi juu ya dari, na katika ghorofa ambalo jipsamu imening'inizwa chini ya zege huenda nafasi hiyo haipo. Zege lenyewe halichimbwi kwa ajili ya spika. Hapo weka spika ndogo za ukutani.

Mwisho, uliza kama bei ni ya moja au ya jozi.

Dukani: sabufa

Ukiomba "sabufa" katika duka la kawaida utaletewa seti nzima: sanduku lenye taa za rangi na redio, na vispika viwili au vitatu pembeni. Sicho unachotaka. Sema unataka sabufa tupu, yenye amplifaya yake ndani, inayochomekwa kwenye soketi ya umeme na yenye tundu la RCA lililoandikwa LFE (njia ya sauti nzito) au LINE IN. Sabufa isiyo na amplifaya, kama zile zilizobaki kutoka kwenye seti zilizokufa, haiwezi kufungwa kwenye tundu la SUB OUT la risiva. Tundu hilo hutoa ishara dhaifu ya sauti tu, halitoi nguvu ya kusukuma koni.

Wati zisome kwa RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo. Kile kinachoandikwa PMPO kwa maelfu ni hesabu ya mwenye kuuza. Ili upate kipimo: Polk Audio PSW10, sabufa ya inchi 10 ambayo kwa miaka mingi imekuwa mfano wa sabufa ya bei nafuu, ina wati 50 za RMS. Kwa sebule ya mita za ujazo 56 kama hii yetu, inchi 10 yenye wati 50 hadi 100 ni mwanzo unaokubalika, na inchi 12 yenye wati 120 au zaidi ndiyo ya kuifikia ukiweza. Sebule iliyoungana na jikoni na korido bila mlango ihesabu yote, kwani besi hujaza uwazi wote bila kujali umeketi wapi.

Sanduku lenye tundu la hewa hutoa besi nyingi zaidi kwa fedha ileile kuliko lililofungwa kabisa, ndiyo sababu kwa bajeti ndogo tunapendelea lenye tundu. Udhaifu wake ni kwamba chini ya masafa (mitetemo kwa sekunde, Hz) lililopangiwa sauti inaporomoka ghafla, na tundu dogo hupiga mluzi wa upepo ukiongeza sauti. Masafa ya chini yaliyotajwa yawe Hz 35 au pungufu. Kisha ibebe. Sabufa ya inchi 10 inayobebeka kwa vidole viwili ina sumaku ndogo na mbao nyembamba, na sanduku litatetemeka kuliko koni.

Kama inatoka kwa ndugu Marekani au kwenye kontena la mtumba, tazama nyuma kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa 120V pekee, soketi yetu ya volti 230 au 240 itaiunguza kwa sekunde moja. Nyingine zina swichi ndogo ya 115/230, nayo iwekwe sawa kwanza. Isiyo na swichi itahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei ya transfoma iongeze kwenye bei ya sabufa kabla hujaiita nafuu.

Waya

Shaba halisi, milimita za mraba 1.5. Kanuni ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika, yaani omu 0.4 kwa spika ya omu 8. Kwa umbali wa mita 12, waya wa 1.5 una takriban omu 0.3 kwenda na kurudi, wa 0.75 unapita 0.6. Zile nyaya za bei ya kutupa zenye rangi nyekundu na nyeusi mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini, na ukinzani wake unazidi wa shaba kwa kama nusu.

Waya wa flexi wa 1.5 unaouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya umeme unafanya kazi vizuri kabisa, na rangi zake mbili, kahawia na buluu, zinakusaidia kutambua chanya na hasi. Uandike "SPIKA" kwa kalamu ya wino usiofutika kila baada ya mita mbili, asije fundi mwingine akaudhania ni wa taa. Kwa kila spika pima njia nzima, kisha ongeza mita moja kila mwisho. Kwa sabufa tumia waya wa RCA wenye kinga. Kebo ya dishi ya RG6 ikiwekwa vichwa vya RCA ni nzuri sawa.

Kupima na kutoboa

1. Tia alama kwanza sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Kwa 5.1, kila spika ya nyuma iwe sentimita 50 nyuma ya sikio na sentimita 60 kutoka ukuta wa pembeni. Hapo unapata pembe ya nyuzi 110 hivi kutoka mbele, ndiyo inayotakiwa. Kwa spika mbili za Atmos, ziwe sentimita 30 hadi 80 mbele ya sikio, zikilingana kwa upana na spika za mbele. Nne za juu zisikushawishi katika chumba hiki: za nyuma zinatakiwa mita 1.8 nyuma ya kichwa, na hapo tayari ni ukutani.

2. Angalia panga boi. Sauti inayopita kwenye mapanga yanayozunguka hutetemeka kama mtu anayeongea mbele ya feni. Acha angalau mita moja kutoka ncha ya panga. Katika chumba chetu, panga boi likiwa katikati ya dari, spika za nyuma ziko salama, lakini jozi ya Atmos inaangukia kama nusu mita tu kutoka kwenye panga: sababu nyingine ya kuridhika na 5.1.

3. Hamisha alama darini kwa timazi. Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya taa pekee.

4. Toboa tundu moja dogo katikati ya alama. Chukua kipande cha waya mgumu, ukipinde kama herufi L, mkono wake uwe na urefu wa nusu ya kipenyo cha tundu la spika jumlisha sentimita 3. Kiingize na ukizungushe duara zima. Kikigonga chaneli ya chuma, mbao au bomba la waya, hama. Tundu dogo linazibwa kwa kidole cha plasta, tundu la sentimita 20 halizibiki.

5. Chora kwa kiolezo kilichomo kwenye boksi. Usipime spika kwa jicho: ukingo unaofunika kosa ni kama sentimita moja tu. Kata kwa msumeno mwembamba wa jipsamu, ukienda ndani ya mstari, kisha kwangua taratibu.

6. Pitisha waya mbali na nyaya za umeme kwa sentimita 30. Pasipo budi, uvuke kwa pembe mraba. Waya usilale juu ya bati wala kugusa msumari wa paa.

7. Kama dari ni PVC, au jipsamu inabonyea kwa kidole, weka pete ya plaiwudi ya milimita 12 juu ya tundu. Ikate vipande viwili ili ipite kwenye tundu lenyewe.

8. Funga waya, hakikisha hakuna unywele wa shaba unaogusa upande wa pili, kisha kabla ya kubana gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za upande wa risiva kwa kufumba na kufumbua: chanya ya betri kwenye chanya, koni iruke kuelekea chini, chumbani. Ikivutwa juu, umegeuza nyaya. Spika moja iliyogeuzwa huua mzingo wa sauti, na ni kosa lisiloonekana tena baada ya kifuniko kuwekwa.

9. Kaza vishikio kwa bisibisi ya mkono. Drili inapasua jipsamu kabla hujasikia mlio.

Uwazi wa dari mara nyingi ni mmoja kwa nyumba nzima, hivyo kufunga mlango wa chumba cha watoto hakuzuii kitu. Dawa ni sanduku la plaiwudi juu ya spika, ndani likiwa sentimita 40 kwa 40 kwa 18, ambalo ni kama lita 29. Huzuia pia vumbi na panya. Lining'inizwe kwenye mbao za paa. Uzito wake usibebwe na jipsamu. Linawekwa kutoka juu, kabla ya spika, kwa hiyo amua mapema.

Sabufa ikae wapi

Kuta za tofali na sakafu ya vigae hazimezi besi. Chumba cha mita 5 kwa 4 chenye dari ya 2.8 kitavuma zaidi kwenye Hz 34, 43 na 61 hivi, na sehemu nyingine besi itapotea kabisa. Zulia na mapazia havisaidii hapa, vinapunguza ukali wa juu tu. Kinachosaidia ni mahali.

Ondoa kochi, weka sabufa palepale panapokaa kichwa, au karibu iwezekanavyo. Cheza wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka. Sasa tembea kwa magoti kando ya kuta, masikio yakiwa usawa wa sabufa. Mahali ambapo kila noti inasikika kwa nguvu inayolingana ndipo sabufa itakapokaa. Pembe ya chumba hutoa besi nyingi kuliko kote, lakini mara nyingi ni ya noti moja. Kochi nalo lisiwe katikati kabisa ya urefu wa chumba, ambako Hz 34 inajifuta, wala lisiegemee ukuta wa nyuma, ambako inarundikana.

Risiva

Geuza kitufe cha masafa cha sabufa hadi mwisho wa juu, au kwenye LFE, ili kazi ya kugawa ifanywe na risiva peke yake. Vikigawa vyote viwili, panabaki pengo kati ya sabufa na spika. Sauti ya sabufa iwe nusu. Fanya kipimo cha maikrofoni ya risiva, kinachopanga viwango vya spika, panga boi likiwa limezimwa, maikrofoni ikiwa juu ya stendi usawa wa sikio; ukiishika mkononi vipimo vinapotoka.

Kikiisha, ingia mwenyewe kwenye menyu ya risiva ukague. Risiva ikizitambua spika za darini kama "Large", zibadilishe ziwe "Small". Krosova, yaani masafa ambayo chini yake sauti inapelekwa kwenye sabufa, iwe Hz 100 kwa inchi 6.5 za darini, 80 kwa spika za mbele zenye wufa (koni ya sauti nzito) ya inchi 5 au zaidi. Kama kiwango cha sabufa kimefika mwisho wa chini wa kipimo, punguza kitufe nyuma ya sabufa na upime upya. Kisha jaribu swichi ya fezi ya sabufa (inayogeuza mwelekeo wa koni), 0 na 180, ukiwa umeketi: acha ile inayojaza zaidi sauti nzito ya mwanamume.

Kelele zisizotakiwa

Mvumo usiokoma kwenye sabufa hata filamu ikiwa imesimamishwa: chomoa kebo ya dishi kwenye king'amuzi. Ukiisha, umeme unazunguka kupitia ethi ya dishi. Chomeka king'amuzi, risiva na sabufa kwenye ekstensheni moja, na kama bado upo, weka kitenganishi (transfoma ndogo ya sauti inayokata njia ya ethi) kwenye kebo ya RCA ya sabufa. Pini ya ethi isikatwe kamwe.

Risiva inayojizima ukiongeza sauti: kwanza tafuta unywele wa waya uliogusa, pili hesabu omu. Spika mbili za omu 8 zilizofungwa sambamba kwenye tundu moja ni omu 4.

Mtetemo darini: cheza besi, mtu mwingine abonyeze jipsamu kwa kiganja sehemu baada ya sehemu. Mara nyingi ni skrubu zilizokaa mbalimbali au kifuniko cha taa. Ongeza skrubu kwenye chaneli kila sentimita 20 kuzunguka spika.

Na mvua. Juu ya mabati matupu itaifunika spika yoyote, hata ya gharama. Kama dari bado iko wazi, tandaza sufi ya nyuzi za mawe juu ya jipsamu, unene wa sentimita 5 au zaidi, ila ile inayozunguka spika isiyo na sanduku ishonewe mfuko wa kitambaa kwanza, nyuzi zisidondokee kwenye koni.